Kigae cha Yule Mkulima

Leo nataka tuzungumze juu ya uhuru. Wengi wetu tukilisikia neno hilo twafikiri tu juu ya kutotawaliwa na wageni. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili imo ndani ya mtu mwenyewe, na kisa kimoja cha zamani kitatuonyesha.

Mji wa Athene, katika nchi ya Ugiriki, mmekwisha kuusikia: ndipo Mtume Paulo alipojadiliana na watu sokoni. Miaka 500 na zaidi kabla ya Paulo kufika, watu wa mji huo walikuwa wamekwisha kuanza kujitawala. Hawakuwa na mfalme. Raia walikutana, wakatoa maoni yao, wakapiga kura. Lakini tusiwasifu kupita kiasi: wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti.

Kwa kuwa waliogopa mtu mmoja asije akajifanya bwana wa wote, walikuwa na desturi hii. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wanataka kumtoa mtu mjini. Wakikubali, siku iliwekwa, na kila mmoja alikuja na kigae cha chungu, juu yake amekwaruza jina. Vigae vikitimia 6,000, mwenye kura nyingi kuliko wote alipaswa kuondoka katika siku 10, akae mbali miaka 10. Mali yake haikuguswa. Lakini hakushtakiwa kosa lo lote, wala hakupewa nafasi ya kujitetea.

Mwaka 482 kabla ya Kristo zamu ilimwangukia Aristides, mtu aliyesifiwa kwa uadilifu hata akaitwa Mwenye Haki. Mwandishi Plutarch amesimulia kwamba siku ile mkulima mmoja asiyejua kuandika alimpa mtu aliyekuwa karibu kigae chake, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Kumbe, aliyeombwa ndiye Aristides mwenyewe! Akamwuliza amekosewa nini na mtu huyo. Mkulima akajibu kwamba hakukosewa kitu, wala hamjui. Ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa Mwenye Haki. Aristides hakujibu neno. Akaandika jina lake, akamrudishia kigae. Kura zikahesabiwa, akafukuzwa.

Labda utacheka. Usicheke upesi, ndugu yangu. Mkulima yule alikuwa na haki ya kura, wala hapana aliyemlazimisha. Lakini je, alikuwa huru? Mimi nasema hapana. Wivu ndio uliopiga kura. Yeye aliubebea kigae tu.

Tena kuna hatari nyingine. Mwaka 1937 wachimbuaji walikuta katika kisima cha kale huko Athene vigae 190 hivi, vyote vina jina la Themistocles, mpinzani wa Aristides. Walipochunguza mwandiko, waliona ni kazi ya watu 14 hivi tu. Wataalamu wadhani vilitayarishwa ili wagawiwe wapiga kura. Basi, asiyejiuliza anataka nini, wapo watakaomchagulia.

Mwaka 480 majeshi ya Uajemi yalikuja kuuteketeza mji. Ndipo Waathene walipowaita waliofukuzwa warudi, na Aristides pamoja nao. Hakulipiza kisasi. Mwaka 479 aliwaongoza askari wa Athene katika vita ya Plataea, na Waajemi wakashindwa. Mtu waliyechoka kumsikia ndiye waliyemhitaji.

Na sisi je? Twachagua mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa ushirika, diwani na mbunge. Sisemi msimkatae kiongozi. Kumkataa ni haki yenu, na pengine ni wajibu: aliyekula fedha za ushirika na aondoke, hata akiwa ndugu yako. Lakini jioni kabla ya siku ya kura, baba, mama na vijana wenye umri wa kupiga kura, mkiwa mekoni, kila mmoja ajiulize: kwa nini nalitaka jina hili, au kwa nini nalikataa? Amefanya jambo gani ninaloweza kulitaja? Ukiona jibu lako ni kwamba nyumba yake ina bati na yako haina, au ni wa ukoo wenu, au alileta sukari na khanga juma lililopita, basi umekwisha kujua nani anaandika juu ya kigae chako.

Yule mkulima hakujua kuandika. Hiyo si aibu. Aliomba msaada, akasaidiwa. Alichokosa ni sababu, na hiyo hapana mtu awezaye kukuandikia. Itafute mwenyewe, kabla hujaondoka nyumbani.