Sanamu Isiyo na Majina

Kwenye kipilefti ambapo Mtaa wa Samora unakutana na Maktaba, katikati ya Dar es Salaam, amesimama askari wa shaba anayetumiwa na wote na kutazamwa na wachache. "Nisubiri pale Askari," tunaambiana kwenye simu. Yupo pale tangu 1927, bunduki yake yenye singe imeelekea bandarini. Kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa na ikaishia Hamburg. Chini ya askari wetu kuna maneno kwa Kiingereza na Kiswahili, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yakiwaahidi waliokufa vitani kwamba wana wao watayakumbuka majina yao.

Sasa zunguka hiyo sanamu, taratibu, utafute jina. Moja tu. Halipo.

Kwangu mimi hiyo ni kashfa, na ni kashfa ambayo tumeizoea kiasi kwamba tunaipiga picha.

Vita vyenyewe tunafundishwa shuleni kwa aya mbili: Wajerumani na Waingereza walipigana, Waingereza wakashinda, Tanganyika ikawa chini ya usimamizi wa Uingereza. Halafu kengele inalia. Ukweli ni kwamba kuanzia 1914 hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri kule Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini, vita hivi vilibebwa kichwani. Sisemi kwa mafumbo. Reli zilikuwa chache, mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara zikageuka tope masika. Kila risasi, kila gunia la unga, kila chupa ya afisa ilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wanaokaribia milioni moja kwa kazi hiyo. Wengine waliandikishwa kwa mshahara, wengi walikamatwa tu baada ya machifu kutakiwa watoe idadi fulani ya vijana.

Na walikufa. Hawakufa kwa risasi, la. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kwa unga usioiva vizuri ambao matumbo ya watu waliozoea ndizi hayakuuweza. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe ziliwataja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozichambua baadaye wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000. Tofauti hiyo itazame vizuri: ni watu wa kujaza uwanja mkubwa wa mpira, ambao hata kifo chao hakikufika kwenye daftari.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa mitaani ukakiita Kariakoo. Ndiyo, hiyohiyo. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale ambapo leo tunanunua vitunguu na simu za bei poa, na Nairobi nako kuna Kariokor yao. Simba na Yanga wakikutana, watangazaji wanapasua koo kuhusu dabi ya Kariakoo, na hakuna anayehisi kwamba ametaja jina la jeshi la wafu. Wengine wataniambia hilo ndilo kumbukumbu, kwamba jina limebaki midomoni mwa watu. Sikubali. Neno lililosahau maana yake halimkumbuki mtu yeyote.

Upande wa pili wa mizani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, iliyoundwa 1917, ilijiwekea kanuni nzuri sana: kila aliyekufa atatajwa kwa jina, bila kujali cheo wala asili. Nenda kwenye makaburi yake Moshi, Taveta au Dar es Salaam uone jinsi kanuni hiyo ilivyotekelezwa kwa Wazungu: nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, jina na tarehe. Kwa Waafrika wa vita hivyo maafisa waliamua kwamba sanamu chache za jumla zingetosha, na makaburi yao yakaachwa yamezwe na pori. Walidai kumbukumbu za majina hazikuwepo. Lakini mpagazi aliyeandikishwa alipewa namba. Namba ilikuwa ya mshahara, na serikali ya kikoloni haikuwa na mchezo na hesabu za fedha. Wakati huohuo mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia warithi wao, eti hawakujulikana walipo. Yaani mtu alipatikana kijijini siku ya kukamatwa, ukoo wake ukapotea siku ya kulipwa.

Mwaka 2021, baada ya filamu ya David Lammy ya 2019 kuitia aibu, Tume hiyo, sasa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Sawa. Ila radhi hiyo iliombwa London, na sisi wenye wafu tuliipokea kama habari ya kigeni.

Najua pingamizi linalokuja, maana ndilo la kisomi zaidi na ndilo linalopendwa na rika letu: hao walikuwa watumishi wa mkoloni, kwa nini tuwaenzi? Pingamizi hili lina uzito kwa askari. Askari wa Kijerumani ndio waliochoma maghala wakati wa Maji Maji, na miaka kumi baadaye majeshi ya pande zote mbili yalinyang'anya chakula na mifugo ya Wagogo mpaka ikaja njaa ya Mtunya. Sitaki wasafishwe. Lakini kumwandika mtu jina si kumvisha nishani. Na mpagazi aliyefungwa kamba kiunoni akapelekwa Rufiji, alimtumikia nani kwa hiari? Tunaomkatalia jina leo kwa sababu ya usafi wetu wa kizalendo tunamalizia kazi ya karani wa kikoloni, tena bila mshahara.

Kuna kundi lenye hali mbaya zaidi, nalo halitajwi hata kwenye ripoti za kuomba radhi: wapagazi waliobebeshwa na Wajerumani. Tume ya Madola haiwahusu. Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliobaki katika miaka ya 1960, wapagazi hawakuwamo. Hamburg, kwenye iliyokuwa kambi iliyobeba jina la Lettow-Vorbeck, kuna michongo ya askari na wapagazi iliyowekwa enzi za Wanazi ili kusifia utiifu wa Mwafrika. Nao pia hawana majina. Rais Steinmeier alipokuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa ajili ya Maji Maji, ilikuwa haki kabisa, na sikusikia upande wetu ukimuuliza kuhusu hawa.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada, mkuki na ngao, tarumbeta inapigwa. Ninachotaka ni kidogo kuliko mashada. Serikali iwadai Waingereza na Wajerumani nakala za kila daftari la malipo, la hospitali na la uandikishaji walilonalo, ziwekwe Nyaraka za Taifa, mtandaoni, zitafutike kwa jina, kijiji na chifu. Idara zetu za historia ziwape wanafunzi kazi ya kukusanya kwa wazee kabla masimulizi hayajaisha. Familia nyingi zina babu mmoja "aliyekwenda Kariakoo asirudi". Na mlangoni mwa soko la Kariakoo ujengwe ukuta. Uanze hata na majina 10, ya waliothibitishwa, na nafasi tupu iachwe kwa wengine, ili machinga anayeegemeza mzigo wake pale ajue anaegemea nini.