Atembeaye Usingizini Si Mchawi



Katika mitaa yetu ya Bunia, mtu aonekanaye uani peke yake usiku wa manane hudhaniwa vibaya. Akiwa ni mtoto, macho wazi, asiyeitika aitwapo, na asubuhi asikumbuke lolote, majirani huhukumu upesi: alikuwa anakwenda kuloga. Sisi twasema kwamba mambo hayo matatu wanayomshitakia ndiyo yanayotuonyesha kuwa mtoto huyo yaelekea alikuwa amelala.

Usingizi una ngazi zake. Katika saa za kwanza za usiku mtu huzama katika usingizi mzito. Kwa baadhi ya watu, sehemu ya ubongo inayoendesha viungo huamka, huku ile ya kufahamu na kukumbuka ikibaki imelala. Ndipo mtu huinuka, hutembea, hata hufungua mlango. Jambo hilo huwapata zaidi watoto, na wengi huliacha wafikapo ujana. Tena hufuata ukoo: aliyetembea usingizini utotoni huweza kumwona mwanawe akifanya vivyo hivyo. Hapo wasiojua husema uchawi umerithiwa.

Yapo yanayoliamsha: kukosa usingizi wa kutosha, homa, hofu, kelele, kibofu kilichojaa, na kwa wakubwa pombe au dawa fulani. Sasa tuitazame Ituri yetu. Malaria haituachi. Jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao, nazo hulala zikibanana katika kambi kama ile ya Kigonze. Mtoto aliyesikia risasi usiku atalalaje kwa amani?

Tukumbuke pia mwezi wa Juni 2001, upande wa Aru, mamia ya watu walipouawa kwa kudhaniwa wachawi. Neno lililotamkwa ovyo huweza kuua. Ndiyo maana sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, yamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini.

Wapo watakaouliza: je, tusiombe? Tuombe. Lakini kumwombea mtoto ni jambo moja. Kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumpiga ili akiri ni jambo jingine, na halistahili kuitwa sala.

Basi, tufanye nini? Mtoto alale na kuamka saa zile zile kila siku, naye aende haja ndogo kabla ya kulala. Alale chini, wala si kitanda cha juu. Mlango ufungwe vizuri, huku mtu mzima akiwa karibu na ufunguo. Panga na jiko la makaa viondolewe njiani. Kisima na shimo la choo vifunikwe. Akiinuka, tusimpigie kelele wala kumtikisa. Kumwamsha hakumuui, kama wengine wanavyodhani, ila huweza kumtia hofu na kumchanganya. Tumwongoze polepole hadi kitandani. Kama huinuka saa ile ile kila usiku, tumwamshe kwa upole robo saa au nusu saa kabla, kwa majuma machache. Mara nyingi husaidia.

Lakini akitetemeka viungo, akijiuma ulimi, akijiumiza, au kama ni mtu mzima aliyeanza sasa, apelekwe kituo cha afya. Huenda ni kifafa, ambacho kimeonekana kwa wingi upande wa Logo, Mahagi, nacho kina dawa.

Ninyi vijana ndio mnaolala chumba kimoja na wadogo zenu. Mara nyingi ninyi ndio mashahidi wa kwanza. Siku jirani atakapomnyoshea mdogo wako kidole, usinyamaze. Sema wazi mbele ya wote: alikuwa amelala, nami nilimrudisha kitandani.