Mbuni Usiopogolewa Hulipa Mwaka, Hukopa Mwaka

Askari wengi wa Uganda, wa jeshi na wa polisi, wana shamba la kahawa walilorithi au walilonunua kwa akiba ya mshahara, na hulitazama wakati wa likizo tu. Malalamiko yao ni mamoja: mwaka huu mibuni imezaa hata matawi yakainama, mwaka wa pili gunia halijai. Husemwa kuwa ni mvua. Mvua ina sehemu yake, lakini mara nyingi sababu ni panga lililobaki limetundikwa ukutani.

Matunda ya mbuni hutoka katika pingili za tawi lililokua msimu uliotangulia. Pingili iliyokwisha kuzaa haitarajiwi tena. Mti ulioachiwa mashina mengi na matawi makuukuu hubeba mzigo unaozidi nguvu za majani yake. Chakula chote huenda kwenye matunda, vitawi vipya havikui, vingine hukauka kuanzia nchani, na mwaka unaofuata mti hauna mahali pa kuzalia. Arabika, kama ile ya miteremko ya Mlima Elgon, hudhurika zaidi, ijapokuwa Robusta nayo haikusalimika.

Kupogoa hufanywa mara baada ya mavuno makuu, kabla ya mvua. Yaondolewe matawi makavu na yanayosongamana, pamoja na maotea yasiyohitajika. Mashina 3 yatosha kwa kila mbuni. Mbuni uliochoka ukatwe kwa msumeno, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame.

Hapa ndipo wenye mashamba huogopa, na hofu yao si ya kipuuzi. Kisiki hukaa karibu miaka 2 bila mavuno ya maana, na karo ya watoto haingoji. Kwa hiyo mtu asikate shamba zima. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ina mibuni 450 hivi. Akikata 75 kila mwaka, yaani sehemu moja kati ya sita, sehemu mbili zitakuwa zinachipua na nne zinazaa, mwaka hata mwaka.

Wenye Robusta wajihadhari. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kuangamiza mibuni mingi, huingia kupitia majeraha ya mti, na panga huubeba kutoka mti hadi mti. Chuma kipitishwe motoni kabla ya kugusa mbuni mwingine. Mbuni ulionyauka ung'olewe na kuchomwa papo hapo. Aliyezoea kusafisha bunduki yake hataona taabu.

Limebaki jambo la nyumbani. Likizo haifuati majira ya kahawa, na wako wanaotoa amri kutoka kambini kwamba mti wowote usiguswe mpaka warudi. Mke anayepalilia shamba hilo mwaka mzima huujua kila mbuni kuliko mwenye jina kwenye hati. Aachiwe msumeno pamoja na idhini ya kuutumia, na mume apigapo simu aulize visiki vimetoa machipukizi mangapi, na ni yapi 3 yaliyobakizwa.