Rangi za Uwanja wa Fainali

Wamarekani, kwa kuwa fainali yao, Super Bowl, huchezwa mara moja tu, hupaka zile ncha mbili za uwanja, kila moja yenye kina cha yadi 10, rangi za timu zote mbili, na hiyo ni insafu. Ama fainali yetu ya klabu za Afrika ya mwaka 2015, iliyochezwa nyumbani na ugenini, ingalimpa mwenyeji peke yake fahari hiyo, kama nyasi zingalipakwa rangi. Kwa hiyo naiafiki kwa moyo wote sheria ya kandanda isiyoruhusu juu ya nyasi ila mistari, hata tarehe 8 Novemba, timu yetu TP Mazembe ilipoishinda USM Alger 2-0 mjini Lubumbashi, weusi na weupe wetu ukadhihiri majukwaani, pasipo kumdhulumu mgeni.