Ubeti Mmoja Si Utenzi

Ni bayana kwamba teknolojia ya dijitali imezikata matini kuwa vipande vidogo vidogo. Ujumbe mfupi wa simu uliwekewa mpaka wa herufi 160. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, iliweka mpaka wa herufi 140, kisha 280 mwaka 2017. Ubeti wa utenzi, wenye mizani 32, hutoshea humo bila taabu. Utenzi mzima hautoshei.

Hatari yake hudhihirika katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Beti zinazomhimiza mke kumtii mumewe zikikatwa na kusambazwa peke yake, mtunzi hugeuka mtetezi wa mfumo dume, basi. Anayeusoma utendi wote hukutana na mama mgonjwa anayemwagiza bintiye alete wino na karatasi, akamwusia dini, adabu na huruma kwa maskini, kisha akamwomba Mungu.

Wapo watakaodai kwamba hata wazee walinukuu beti moja moja barazani. Ni kweli. Hata hivyo, mnukuu na wasikilizaji wake aghalabu walikuwa wamekwisha kuusikia utenzi wenyewe. Leo kipande hutangulia, na mara nyingi hakifuatwi na chochote.

Simu hiyo hiyo inaweza kubeba utenzi wote. Hivyo basi, jukumu ni la wahadhiri na wanafunzi: ubeti unukuliwe pamoja na jina la utenzi, mtunzi na muktadha wake, na mwanafunzi asitahiniwe kwa ubeti ambao utenzi wake hajausoma.