Santuri ya Morogoro, lebo ya Kenya

Msikilizaji mmoja wa Leicester alitutumia picha ya santuri ndogo iliyochakaa, ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band. Swali lake lilikuwa fupi: "Mzee anasema hii ni bendi ya nyumbani kabisa, Morogoro. Sasa mbona lebo inasema imetengenezwa Kenya?" Kwenye kipindi tulimjibu kwa dakika mbili, tukacheka, tukahamia kwenye Bongo Fleva. Lakini swali lile halikuwa la dakika mbili, kwa hiyo safu ya mwezi huu ni yake.

Jibu la mkato ni kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na Nairobi ilikuwa nacho. Studio unaweza kuibahatisha: chumba, maiki, mashine ya kanda, imeisha hiyo. Kiwanda huwezi. Kinataka mitambo ya kukandamiza plastiki, malighafi kutoka nje, mafundi, na wanunuzi wa kutosha kulipia yote hayo. Kampuni kubwa za kimataifa ziliweka ofisi zao Nairobi, zikaitumia kama mlango wa kuingilia Afrika Mashariki yote. Basi bendi ya Morogoro, Tabora au Tanga iliyotaka kuona jina lake kwenye sahani ilifunga safari ya kaskazini, au kanda yake ilisafiri badala yake.

Na safari hizi hazikuanza na Nairobi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, mtoto wa watu waliopitia utumwa, alipanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Bombay, jamani! Bahari ya Hindi nzima ili kufikia maiki. Sahani za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja uliingia kama dakika tatu tu. Mtu aliyezoea kuimba kwenye baraza mpaka usiku wa manane, beti juu ya beti, ikabidi akate wimbo wake utoshe kwenye kipande cha udongo mweusi chenye ukubwa wa sahani ya chakula. Tulichosikia sisi ni taarabu iliyokatwa kwa mkasi. Kampuni nayo haikuwa imeingiwa na mapenzi ya Kiswahili. Ilikuwa na magramafoni ya kuuza, na watu hununua gramafoni haraka zaidi ikiwa inaongea lugha yao. (Shaaban Robert ameandika wasifu wa Siti. Ni kitabu kifupi. Kisomeni, hata kama Kiswahili chake kitawatoa jasho kidogo.)

Kampuni hiyo hiyo ilileta mzigo upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1930 iliuza Afrika sahani za muziki wa Cuba, zile zenye herufi GV, na vijana wa mijini wakazishika kwa moyo wote. Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro, ambaye mwaka 1948 alianzisha bendi na kuiita Cuban Marimba. Hakuwahi kuwa Mcuba, lakini ukimsikiliza unajua alizicheza sahani zile mpaka zikasagika. Nyimbo zake nyingi zilitolewa na lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand kule Mombasa. Angalieni tena ramani: muziki wa Cuba, mwimbaji wa Morogoro, mwenye lebo wa Mombasa. Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari.

Sasa nije kwenye santuri ndogo kama ile ya Leicester, kwa sababu kuna kitu ambacho sisi tuliokulia kwenye simu hatukiwazi. Upande mmoja wa santuri ndogo huchukua dakika nne, tano hivi. Wimbo wa dansi ni mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo kampuni ziliukata vipande viwili: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Sehemu ya kwanza ni hadithi, mwimbaji analalamika taratibu. Halafu gitaa linabadilika, tarumbeta zinaingia, na hapo ndipo chemko linapoanza. Mara nyingi chemko lilikuwa upande wa pili. Yaani katikati ya raha mtu mmoja ilibidi aache kucheza, akimbilie kugeuza santuri. Muulizeni mama nani alikuwa anageuza nyumbani kwao. Hilo swali likiulizwa vizuri linafungua maongezi ya saa nzima.

"Sina Makosa" ya Les Wanyika ni mfano mzuri wa kizazi hicho. Wengi wetu tumeusikia kwenye kila harusi kuanzia Reading mpaka Minneapolis, na kila harusi kuna ubishi: ni wimbo wa Kenya au wa Tanzania? Mzizi wa bendi ni Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka huko, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga na kuwa Les Wanyika, na bendi hiyo ikachanganya watu wa pande zote mbili za mpaka. Kiswahili ni cha Tanga, kiwanda ni cha Nairobi. Ubishi wenu una jibu, ila wote mnaobishana mna haki.

Wengine hawakuhama. Walibaki Dar, na hapo mambo yanakuwa tofauti kabisa. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa kifupi, ilikuwa na studio yake, na bendi zilipanga foleni kurekodi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, mnaanza upya. Bendi nyingi zenyewe zilikuwa za mashirika ya umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi kabla ya kwenda kwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo DDC kwenye jina. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Gitaa ni la mwajiri. Akihamia bendi nyingine, anaondoka na vidole vyake tu.

Mfumo huo ulikuwa na heri yake, na mimi si katika wanaoubeza. Redio ilimfikisha Muhidin Gurumo kwenye vijiji ambavyo hakuna kampuni ya kibiashara ingevijali. Lakini kanda iliyorekodiwa RTD ilibaki kabatini RTD. Ilipigwa hewani miaka na miaka, nchi nzima ikauimba wimbo, na dukani hakuna sahani ya kununua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Barabara ya kiwandani nayo ikafungwa.

Wananchi wakajitengenezea njia. Radio kaseti ikawekwa karibu, kidole kwenye kitufe, unasubiri mtangazaji anyamaze. Baadaye yakaja maduka ya kurekodi: unaandika orodha ya nyimbo, unarudi kesho kuchukua kanda yako. Kanda hizo ndizo zilizopanda ndege na wazazi wetu. Kwenye kadi kuna mwandiko wa kalamu ya wino, "Sikinde 2", na basi. Hakuna jina la mtunzi wala la mpiga solo. Neno lenyewe tunalolitumia, zilipendwa, huwa linanikera kidogo kwa sababu hiyo: zilipendwa, sawa, lakini zilitungwa na nani?

Na hapo ndipo penye pesa, kwa hiyo twende polepole. Kila rekodi ina haki mbili ndani yake. Moja ni ya tungo, yaani maneno na muziki, na hiyo ni ya mtunzi. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ile kanda, na mara nyingi hiyo ilikuwa ya aliyegharamia studio. Mtu anaweza kununua kanda ya zamani kihalali na bado akawa na deni kwa familia ya mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda tungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali karibu na Mombasa, akiwa na miaka 34. Kwa hesabu hiyo, tungo zake zina ulinzi mpaka mwisho wa 2029. Mtu anayekuambia kwamba nyimbo hizi ni za kale, hazina mwenyewe, hajapiga hesabu.

Nasema hivi kwa sababu wanunuzi wakubwa wa matoleo mapya ya dansi ni sisi huku. Santuri za kisasa zenye picha nzuri ya Dar ya miaka ya 70 zinauzwa London na Berlin kwa bei ya viatu. Baadhi ya watoaji wanafanya kazi ya heshima: wanawatafuta wanamuziki, wanaandika majina yote, wanalipa mrabaha. Wengine kwenye jalada wameandika jina la bendi tu. Kabla hujalipa, geuza jalada usome. Usipoona mtunzi, waandikie uwaulize kwa adabu nani analipwa. Nimefanya hivyo mara tatu. Mara mbili nilijibiwa vizuri kabisa, na mara ya tatu bado nasubiri. Santuri yao sijanunua.

("Malaika" msiniulize leo. Ugomvi wa nani aliutunga unataka safu yake peke yake, na maji ya kunywa.)

Kwa kipindi kijacho tunaomba picha za lebo na kadi za kanda kutoka nyumbani kwenu. Tupigieni pande zote mbili, na namba ndogo zilizochongwa karibu na tundu la katikati zionekane, maana hizo ndizo zinazotambulisha rekodi hata lebo ikifutika. Kama mzee yupo, kaa naye, mwulize nani anaimba, nani yuko kwenye solo, na andika anavyotaja hata kama hana uhakika. Kanda zenyewe msitume kwa posta. Na kabla ya kuipiga kanda iliyokaa miaka 30 darini, izungushe kwanza kwa penseli, mbele na nyuma, taratibu, kwa sababu huwa zimeshikana.