Ukurasa wa Walimu: Ufuko Mweusi wa Kivu

Mwezi huu tunawapeleka mpaka ziwa Kivu, upande wa magharibi wa Goma. Wengi wenu mmetoka huko, na sisi wenyewe baadhi yetu tulianzia shule pale Mugunga. Ila watoto waliozaliwa hapa kambini hawapajui, na juzi darasani mmoja aliuliza: "Mwalimu, siku tukirudi, tutaoga ziwani kila siku?" Tukaona swali hilo halijibiwi kwa neno moja.

Pazuri ni pazuri kweli. Ukiacha barabara ya Sake na kushuka kwa miguu kuelekea ziwani, unatembea juu ya makoro, yaani lile jiwe jeusi lililotoka volkano likiwa uji wa moto, kisha likapoa. Njia ya kunyooka hakuna. Jiwe lingine limejikunja kama kamba, lingine lina makali ya chupa iliyovunjika, na kandambili hapo hazifiki mbali. Kuna nyufa na mashimo yaliyofichwa na majani. Halafu ghafla unaliona ziwa, bluu, limetulia. Pwani yake ni mawe meusi, na kwenye vihori vidogo ni changarawe nyeusi. Kivu haina mamba wala viboko, ndiyo maana watu wanaiamini upesi.

Mawe hayo yote ni kazi ya Nyamulagira na Nyiragongo. Kati ya 1938 na 1940 moto wa Nyamulagira ulifika ziwani karibu na Sake. Tarehe 17 Januari 2002 ule wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, ukaingia majini na kuongeza nchi kavu pale palipokuwa ziwa. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ila ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji.

Lakini moto unaonekana, mtu anakimbia. Kinachotutia wasiwasi sisi ni mazuku.

Wakubwa mnaijua. Wengine husema ni majini, na hatutaki kubishana na wazee, ila hii kitu imepimwa: ni gesi ya kabonidioksaidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni kama maji kwenye beseni. Hewa ya kawaida haina hata sehemu 1 ya gesi hiyo katika 1000. Ikifika sehemu 10 katika 100, mtu anazimia kwa dakika chache, na zaidi ya hapo anakufa.

Sasa fikirini. Baba anapita bondeni kichwa kikiwa juu, haoni shida. Mtoto anayemfuata, kimo chake kinafika kiunoni mwa baba, anavuta hewa nyingine kabisa. Tena anayeoga kwenye kihori kilichozungukwa na mawe, pua yake iko pale pale juu ya maji, mahali gesi inapolala. Mama zetu walikuwa wanatuambia: "Usikae pa chini, mazuku itakubeba." Tulidhani wanatutisha tu ili tusichelewe nyumbani.

Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndiyo mbaya zaidi. Jua na upepo huipunguza, ila mashimo mengine ni ya hatari hata mchana. Ukiona ndege, mjusi au mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, rudi ulikotoka, na huyo mbuzi msimchukue.

Kuna watu wanapima kwa kibiriti: moto ukizima, hapafai. Ukizima ni kweli hapafai. Lakini kibiriti kinaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu tayari anaishiwa nguvu, kwa hiyo tusikitegemee. Na mwenzako akianguka shimoni, usiruke kumfuata, hata kama ni ndugu yako. Ni vigumu, tunajua. Lakini anayeinama kumwinua anavuta gesi ile ile, mnakuwa wawili. Piga kelele, ita watu, avutwe kwa kamba na watu waliosimama juu.

Jumamosi, saa nane mchana, tutachora ramani ya sehemu hizo ubaoni, darasa la tano. Baba na mama mliokuwa mnachota maji au kuchunga upande wa Mugunga, Bulengo na Sake, tunawaomba mje mtuonyeshe mashimo mliyokuwa mnayakwepa. Chaki tunazo chache, lakini zitatosha.